Barua ya wazi kwa wenye funguo za makanisa ya Lubumbashi

Baba Askofu Mkuu, mababa maparoko, wachungaji wa makanisa ndugu, wenyeviti wa mabaraza ya parokia, na nyinyi wasakristani ambao ndio watawala wenyewe (msicheke, mnajua ni kweli), jambo yenu nyote.

Mimi ni mama wa miaka 72, mkazi wa Katuba, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na mpiga kinanda mstaafu wa kanisa. Hilo neno mstaafu naliandika huku mkono ukisita. Miaka sita iliyopita parokia ilinifanyia misa ya shukrani. Kwaya tatu ziliimba kwa zamu, mashirika yakaleta matoleo, nikapewa kitenge cha vipande vitatu, saa ya ukutani na kuku wawili. Padri akatangaza mbele ya watu kwamba Mama amefanya kazi yake, sasa apumzike. Hiyo ilikuwa Jumapili. Jumatatu, kuku hata hawajauzoea uwanja wangu, simu ikalia saa kumi na moja alfajiri: kuna maziko asubuhi, kijana wa kinanda yuko Kolwezi anatafuta kazi ya mgodini, tafadhali Mama, mara hii moja tu.

Kuna mpiga ogani mmoja Mfaransa, Charles-Marie Widor, ambaye mwaka 1870 aliitwa kushika ogani ya kanisa la Saint-Sulpice kule Paris kwa muda tu, mpaka mambo yapangwe. Akakaa miaka 64. Nimepiga hesabu: nikimfuata yeye, mimi niliyestaafu na miaka 66 nitaachiwa nikiwa na 130.

Siandiki kwa sababu nimechoka. Uchovu ni wangu na magoti yangu, tutaelewana wenyewe. Naandika kwa sababu ya kufuli mnazofungia vinanda vya kanisa.

Lakini kwanza niwaeleze wiki yangu, maana wengi mnaniona Jumapili tu, na mnadhani siku nyingine nimekaa barazani nachambua sombe, majani ya mihogo. Meza yangu ya chakula haijawekewa bukari, ugali wetu, tangu Pasaka. Imelaliwa na vinanda. Wiki hii viko vitatu, kutoka parokia tatu, vimefunuliwa matumbo. Sentetiza za siku hizi zina ugonjwa mmoja mkuu. Chini ya kila kibao kuna kikombe kidogo cha mpira chenye doa la kaboni. Ukibonyeza, doa linagusa bamba la chini na sauti inatoka. Vumbi letu jekundu la mwezi wa nane likiingia humo, noti inanyamaza kabisa, au inafanya vibaya zaidi: inapiga kelele kwa nguvu zote hata ukiigusa kama unavyogusa shavu la mtoto. Mmekwisha kuisikia, ile fa inayoruka peke yake katikati ya Mwanakondoo, na watu wakadhani mpiga kinanda amelewa. Hakulewa, ni vumbi. Dawa yake ni pamba, spiriti kidogo na subira. Adapta nazo zina wapangaji: mende wanapenda joto lake, wanaingia kuzaa humo, na siku umeme unaporudi kwa kishindo wanakufa pamoja na nyumba yao.

Mgonjwa ninayempenda ni harmoniamu. Hiyo haidai umeme. Unakanyaga mivukuto kwa miguu, hewa inapita kwenye ndimi nyembamba za shaba iliyochanganywa na zinki, nazo zinatetemeka. Huwa nawaambia watoto kwamba ndani ya lile sanduku Lubumbashi ya shaba na Kipushi ya zinki wameoana. Ulimi ukishuka sauti, unaukwangua kidogo kwenye ncha, unapanda. Ukipanda mno, unaukwangua kwenye shina, unashuka. Ukikwangua kwa hasira, umeuua, na huupati tena soko la Kenya (Kenya yetu ya hapa mjini, siyo nchi) hata ukizunguka kutwa. Ngozi ya mivukuto nimeibadilisha mara mbili, kwa ngozi ya mbuzi. Nyama ilikwenda kwa michopo, nyama choma yetu, hakuna kilichopotea.

Katikati ya wiki ni nyimbo. Watunzi wetu ni wengi na ni hodari, lakini wachache wanaandika noti. Wananitumia wimbo kwa simu, umerekodiwa ndani ya taksi, mpiga debe anaita Ruashi juu ya beti ya pili, nami natakiwa Ijumaa niwe nimetoa sauti nne kwenye karatasi na nimeshusha wimbo kwa hatua mbili kwa sababu wasoprano wa kwaya ile wanaishia mi, na mtunzi amewapandisha mpaka sol. Halafu kuna vilio. Familia inataka wimbo ambao marehemu aliupenda. Anayeukumbuka ni shangazi mmoja tu, na shangazi anaukumbuka nusu. Tunakaa naye chini ya mwembe, anavuma, mimi naandika, tunalia kidogo, tunaendelea. Kazi hiyo sitaki mniondolee. Ninayosema hapa hayaihusu.

Sasa niseme kuhusu Jumamosi moja ya mwezi wa tano, kwa sababu barua hii ilianzia hapo.

Asubuhi yake nilipiga maziko. Nilitoka makaburini viatu vimejaa vumbi, nikapanda manseba, ndivyo tunavyowaita hapa vijana wa pikipiki, nikafika kanisani kabla ya saa sita kwa ajili ya ndoa. Vidole ni vilevile. Saa tatu vimesindikiza jeneza, saa sita vinamleta bibi harusi. Bibi harusi yuko mlangoni, baba yake amemshika mkono, wasimamizi wamepanga mistari, wanasubiri kuingia kwa ile hatua ya mbili mbele moja nyuma. Nikainua mikono, nikagonga akordi ya kwanza, na umeme ukaenda zake. Kinanda kina sehemu ya betri sita kubwa. Nikafungua, tupu. Betri zilikuwa kwenye redio ya sakristia kwa sababu wiki ile Mazembe, timu yetu ya mpira, walicheza. Jenereta nayo haikuwa na mafuta. Mzee mmoja wa baraza akanong'ona kwamba kwaya ipige makofi, twende. Bibi harusi akanitazama. Nilimfundisha darasa la tatu, yule. Sikuweza kumwingiza kwa makofi.

Harmoniamu ya parokia ilikuwa nyuma ya kiti cha maungamo. Juu yake palikuwa na maboksi ya mishumaa na pango la Noeli lote, na ng'ombe wake na punda wake. Vijana wanne wakashusha Bethlehemu sakafuni, wakavuta sanduku, vumbi likapanda mpaka watu wa mbele wakakohoa. Nikakaa. Goti la kushoto likakataa kukanyaga. Hapo ndipo mtumikiaji mmoja wa misa, mtoto wa miaka 13, akaingia chini ya harmoniamu na kanzu yake nyeupe, akashika kanyagio mbili kwa mikono, akaanza kusukuma, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kama mtu anayekanda unga wa mikate miwili. Nikamwambia polepole, kama unavyopumua usingizini. Akapunguza. Sauti ikasimama sawa. Ulimi mmoja wa la ulikuwa unakoroma, lakini bibi harusi aliingia, na kanisa likanyamaza kwa namna ambayo halijanyamaza tangu tununue spika.

Baada ya misa, watu wako nje wanapiga picha na vigelegele, mtoto akatoka chini, kanzu imegeuka rangi ya matofali. Akaniuliza: "Nkambo (ndiyo bibi), naweza kukaa pale juu kidogo?" Nikampisha. Akaniomba nikanyage, nikakanyaga kwa goti lile moja lililobaki. Akaitafuta do ya katikati bila kuitazama. Akapanda skeli kwa mkono wa kulia, kidole gumba kikapita chini ya kidole cha tatu mahali pake, akashuka, kidole cha tatu kikavuka juu ya gumba mahali pake. Kisha akasimama katikati ya skeli, akarudia fa mara tatu, akanigeukia na kusema: "Kumbe hivi ndivyo inavyolia."

Mtoto huyo nimemfundisha mwaka mzima. Alikuwa hajasikia fa yake hata siku moja, kwa sababu nimemfundisha juu ya katoni.

Sakristani akaja na ufunguo. Si mtu mbaya, ni mtu wa amri. Akasema Padri ameagiza vyombo vyote vifungwe baada ya misa. Mtoto akasimama. Alikuwa amegusa kinanda halisi kwa muda wa kama dakika nne.

Niwaeleze hiyo katoni, kwa kuwa si mfano wa hotuba, iko nyumbani kwangu, njooni muione. Nina wanafunzi wanne, wavulana wawili na wasichana wawili. Tulikata maboksi ya sabuni, tukayabandika, tukapima vibao vyeupe kwa upana wa vile vya kweli, tukachora vyeusi kwa makaa na baadaye kwa kalamu ya wino mzito. Vibao 49, oktava nne. Mwanafunzi anabonyeza na kuimba noti yake mwenyewe, akikosea kidole mimi namgonga begani, akikosea sauti jirani zake wanacheka. Msichana mmoja anabonyeza kwa moyo kiasi kwamba do ya katikati imetoboka, sasa tumeweka kiraka. Wamejifunza kusoma noti, wamejifunza vidole, wanajua bemoli inayoshusha noti na diezi inayoipandisha. Wanajua kila kitu isipokuwa sauti. Na kutoka uwanja wangu mpaka mlango wa kanisa, nimehesabu, ni hatua 212. Ndani kuna sentetiza ya vibao 61 ndani ya kabati lenye kufuli mbili, na harmoniamu chini ya punda.

Kinanda hicho kinafanya kazi Jumamosi jioni saa mbili za mazoezi na Jumapili misa mbili. Siku tano zinazobaki kiko jela.

Najua kwa nini mnafunga. Mimi pia nimekaa kwenye baraza la parokia, nilikuwepo siku tulipokuta dirisha limekatwa, kinanda hakipo, maikrofoni hazipo, hata waya wamekwenda nao. Tulichangishana mwaka mzima, shirika kwa shirika, mama mmoja mjane alileta pesa za mihogo yake, zimefungwa kwenye kona ya kitambaa. Baada ya hapo ni nani atalaumu kufuli? Simlaumu mtu. Lakini mwizi anakuja usiku wa manane na msumeno. Haji saa kumi alasiri na daftari kuuliza skeli ya re ina diezi ngapi. Kufuli mliyomwekea mwizi imemkamata mtoto, na mwizi mwenyewe, kama mnavyojua, alipita dirishani.

Tazameni ngoma. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana kila nikisema kinanda kuna mtu anayesema Mama anatetea vitu vya Wabelgiji. Mimi si adui wa ngoma. Misa ya mtindo wetu, ile ambayo Roma iliikubali mwaka 1988 kwa majimbo ya Zaire, nimeipiga tangu mwanzo, ngoma kulia kwangu na kayamba kushoto, na nimecheza pia, kabla ya magoti. Na mji huu ulijua kuoanisha vitu hivi zamani kabla ya kuruhusiwa. Joseph Kiwele, aliyetunga misa ya Kikatanga, alijua noti za Ulaya na alijua ngoma, wala hakuona haja ya kumfukuza mmoja ili mwingine akae. Sasa jiulizeni: kwa nini kila parokia ya Lubumbashi ina wapiga ngoma watano, sita, wengine wanagombania zamu, na hakuna parokia inayokosa mpiga ngoma siku ya maziko? Kwa sababu ngoma zimesimama pembeni, wazi. Misa ikiisha, watoto wote wanapita hapo. Huyu anagonga, yule anagonga, mkubwa anamwonyesha mdogo, mama anafoka tokeni hapo, wanatoka wakirudi. Hakuna aliyeandika mpango wa mafunzo ya ngoma. Ngoma haina kabati, basi.

Na mtazame upande wa pili wa barabara. Kwenye makanisa ya uamsho, kijana akifika mapema anakikuta kinanda kimefunuliwa, anajaribu, anafokewa akiharibu wimbo, anajaribu tena. Vijana wetu watatu niliowapika mimi mwenyewe wamehamia huko. Mapadri wanahubiri juu ya mafundisho ya uongo. Nimewauliza vijana. Hawakutaja fundisho lolote, walitaja kinanda.

Mababa, nyinyi ni watu wa vitabu, kwa hiyo nami niseme kwa kitabu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, namba 120, uliagiza ogani ya mabomba iheshimiwe sana, na vyombo vingine vipokelewe kwa idhini ya wakuu wa mahali, vikifaa kwa ibada. Ogani ya mabomba siwaombi. Bomba moja tu la do ya chini katika safu ya futi 8 lina urefu wa kama mita 2.4, na lazima awepo mtu wa kulinda ngozi zake na mbao zake katika mji ambao nusu ya mwaka ni mvua na nusu ni ukavu wa kupasua midomo. Nitaomba nini na mabomba? Lakini maelekezo ya muziki mtakatifu ya mwaka 1967, namba 67, yanataka mpiga ogani awe na ufundi wa kupiga vizuri chombo alichokabidhiwa, tena aielewe roho ya liturujia. Roho ya liturujia nawafundisha, tunasoma masomo ya Jumapili kila Ijumaa. Ufundi wataupata wapi? Chombo wanachokabidhiwa ni boksi la sabuni. Na Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 937, inasema kanisa linalohifadhi Ekaristi lifunguliwe kwa waamini walau saa chache kila siku ili wasali, isipokuwa kuwe na sababu nzito. Sala yangu mimi, tangu utoto, ina sauti. Ndugu wachungaji, nyinyi hamfungwi na kanuni hii, lakini kufuli zenu nimeziona pia.

Wapo wanaojua kisa cha Johann Sebastian Bach. Alikuwa yatima wa miaka kumi, akalelewa na kaka yake mkubwa, naye mpiga ogani. Kaka alikuwa na daftari la muziki wa mabingwa, akalifungia ndani ya kabati lenye mlango wa wavu. Inasimuliwa kwamba mtoto alikuwa anaingiza mkono mdogo kwenye matundu ya wavu, analikunja daftari na kulitoa, ananakili usiku kwa mwanga wa mbalamwezi, kwa muda wa miezi sita. Kaka alipogundua, akamnyang'anya nakala. Watu wanakisimulia kisa hiki kumsifu mtoto. Mimi kila nikikisoma namfikiria yule kaka. Hakuwa mwizi wala mkatili, alimlisha na kumfundisha mdogo wake. Alikuwa na kabati tu, na aliogopa kitu chake kisiharibike. Dunia nzima leo inamkumbuka kwa kufuli.

Mimi nilipewa ufunguo. Ilikuwa mwaka 1965, mji huu bado unaitwa Elisabethville, mwaka mmoja kabla ya kubadilishwa jina. Nilikuwa na miaka 12. Mtawa mmoja aliyetufundisha kuimba aliona nabaki nyuma kila baada ya masifu kuangalia miguu yake inavyokanyaga. Hakunisifu, hakuwa mtu wa sifa. Siku moja alinivisha shingoni kamba ya kiatu yenye ufunguo wa kanisa dogo la masista, akasema maneno mawili: funga ukitoka. Hata hakuniambia nisivunje. Nyumbani baba alidhani nimeiba, akanirudisha kwa masista usiku uleule nikilia, na mtawa akamjibu mlangoni kwamba mtoto ana kazi, amwache. Kwa miaka miwili nilikuwa naingia mle kila jioni baada ya kuchota maji. Nilikosea kila noti inayoweza kukosewa, na hakuna aliyesikia isipokuwa Mungu na popo. Miaka 54 niliyowapigia ninyi, ndoa zenu, ubatizo wa watoto wenu, mama zenu wakienda makaburini, yote ilitoka kwenye kamba ile ya kiatu. Ufunguo bado ninao. Kitasa chake walishakibadilisha zamani.

(Kwenye solfeji kuna alama tunayoiita ufunguo wa sol. Kila mwanafunzi mpya ananiuliza unafungua nini. Nimeanza kukosa jibu.)

Basi ninachoomba. Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa kumi alasiri mpaka saa kumi na mbili, kanisa lifunguliwe na kinanda kitolewe kabatini. Mimi nitakuwa pale tangu dakika ya kwanza mpaka ya mwisho, nimekaa, nimefumbua macho. Pawe na daftari, kila mtoto aandike jina akiingia na akitoka, na Padri alitazame akitaka. Kikivunjika kitu, nitatengeneza, kama ninavyotengeneza sasa bila mtoto kuhusika. Umeme usipokuwepo tutatumia harmoniamu, ambayo ninaomba itolewe nyuma ya kiti cha maungamo, na familia takatifu ihamishiwe juu ya kabati la mavazi, kukavu, panya hawafiki. Betri sita zibaki mahali pake. Mazembe watafute zao.

Kwa upande wangu mimi sidai mshahara. Nauli ya manseba ninapoitwa parokia za mbali itatosha, na hilo tuyamalize kimyakimya na wahasibu, nisije kuwaaibisha hapa wale wanaonipa bahasha yenye picha ya mtakatifu na hakuna kingine.

Maparoko wengine mtasema kwamba parokia yenu haina mama wa kukaa pale na daftari. Inaye. Mtafuteni mwalimu mstaafu, fundi mstaafu wa reli, mzee wa mgodini aliyeachishwa kazi mwaka 2003 na bado anaamka saa kumi na moja kwa mazoea. Mji huu umejaa watu wanaojua kulinda kitu na hawana kitu cha kulinda. Hata asijue noti moja. Watoto wanataka mlango uwe wazi, mwalimu watampata, nami kwa wiki naweza kuzunguka parokia mbili au tatu zaidi nikipunguziwa mazishi.

Na nikipunguziwa mazishi, maana yake awepo mwingine wa kuyapiga. Yule mtoto wa kanzu ya matofali, akipewa Jumanne na Alhamisi, kwa hesabu ya mwalimu aliyekwisha kuona watoto wengi, baada ya mwaka na nusu atapiga misa ya wafu kwa noti nne za mkono wa kushoto bila kutetemeka. Nitakapokuwa mimi ndani ya jeneza lile, ningependa kijana wa kinanda asiwe Kolwezi.

Jumanne ijayo, saa kumi alasiri, nitakuwa kwenye ngazi za kanisa la parokia yangu na watoto wanne na katoni yao. Hatutapiga kelele wala hatutabeba mabango. Kama mlango utakuwa umefungwa, tutaitandika katoni kwenye ngazi na kufanya somo letu hapohapo, watoto wataimba noti zao kwa mdomo. Kama kuna mvua tutajibanza chini ya paa la sakristia. Sakristani ananijua, nilimfundisha darasa la pili, na hata wakati ule alikuwa ndiye anayetunza ufunguo wa sanduku la chaki.